Nani Anayebwabwaja? Lugha, Ugeni na Kicheko katika Filamu ya Almanya

Utangulizi

Makala haya yanahusu mchezo mmoja wa sinema wa Kijerumani uitwao Almanya – Willkommen in Deutschland, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwezi wa Februari 2011. Huenda msomaji akauliza jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na familia ya Waturuki waishio Ujerumani. Jibu letu ni kwamba filamu hii, ingawa imetungwa ili ichekeshe, imejengwa juu ya hila moja ya lugha ambayo ni nadra kuikuta ikitumiwa kwa ukamilifu kama huu. Na hila hiyo inagusa mambo ambayo sisi tunaofundisha lugha huyataja kila siku pasipo kuyatazama vyema: lugha ya mama ni ipi, nani ni mgeni wa nani, na kwa nini matamshi ya mtu mwingine yatuchekeshe. Tutaeleza kwanza asili ya hadithi, kisha tutakaa zaidi kwenye hila yenyewe, na baadaye tutaliangalia tatizo litakalomkabili yeyote atakayetaka kuitia filamu hii katika Kiswahili.

Jina la michezo ya namna hii halijatulia bado katika lugha yetu. Baadhi ya waandishi husema ramsa, wengine kichekesho. Sisi tutasema futuhi, kwa sababu neno hilo linabeba furaha pamoja na kicheko, na filamu tunayoizungumzia inavyo vyote viwili.

Wageni wa kazi

Tarehe 30 Oktoba 1961 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilifanya na Uturuki mkataba wa kuajiri wafanyakazi. Mikataba ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa na Italia mwaka 1955, na Hispania na Ugiriki mwaka 1960, kwani viwanda na migodi ya makaa vilihitaji mikono kuliko iliyopatikana nchini. Ilikusudiwa kwamba Mturuki akae miaka miwili, kisha arudi kwao na mwingine aje mahali pake. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1964, maana waajiri wenyewe hawakuona faida ya kumfundisha mtu kazi kisha wampoteze. Tarehe 23 Novemba 1973 uajiri ulisimamishwa, na hapo likatokea jambo ambalo waliousimamisha hawakulitarajia: wengi waliokuwamo, wakijua kwamba atokaye huenda asiruhusiwe kuingia tena, wakaamua kubaki na kuleta wake na watoto.

Wafanyakazi hao Wajerumani waliwaita Gastarbeiter. Neno hili limeunganisha majina mawili: Gast, mgeni aliyealikwa, na Arbeiter, mfanyakazi. Mfasiri wa Kiswahili ataandika “mfanyakazi mgeni”, na mara atajikuta mashakani. Kijerumani kina neno moja la mgeni aliyekaribishwa, na jingine, Fremder, la mgeni asiyejulikana atokako. Kiswahili huwaita wote wawili mgeni. Na zaidi ya hapo, mtu ambaye hajaizoea kazi naye ni mgeni wa kazi hiyo. Kwa hiyo tafsiri yetu hurudisha ndani ya neno ile maana ya pili ambayo Kijerumani kiliiacha nje kwa adabu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mturuki huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na baada ya miaka thelathini alikuwa angali akiitwa mgeni. Hata watoto wake waliozaliwa huko walikuwa wageni kisheria, kwani sheria ya uraia ya mwaka 1913 ilifuata damu ya mzazi wala haikujali mahali pa kuzaliwa. Mpaka tarehe 1 Januari 2000 ndipo sheria mpya ilipoanza kumpa uraia mtoto wa mgeni kwa sababu ya kuzaliwa nchini, nayo ikiwa na masharti yake. Ruhusa ya jumla ya kuwa na uraia wa nchi mbili ilingoja hadi Juni 2024.

Jina la filamu lenyewe linastahili neno moja. Almanya ni jina la Ujerumani katika Kituruki. Deutschland ni jina ambalo wenyeji wanaiita nchi yao. Nchi moja imetajwa mara mbili katika anwani moja, kwanza kwa kinywa cha mgeni, kisha kwa kinywa cha mwenyeji. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa sisi nasi tumewahi kuwa na majina mawili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wake juu ya vita vya kuitwaa Mrima, maadui aliwaita Wadachi, jina lililotoka katika Deutsch yao wenyewe. Baadaye jina lililopitia kwa Mwingereza ndilo lililoshinda, na leo kijana anayesema Mjerumani hajui kwamba babu yake alisema Mdachi.

Hadithi

Filamu iliongozwa na Yasemin Şamdereli, aliyezaliwa Dortmund mwaka 1973, naye aliiandika pamoja na mdogo wake Nesrin. Wote wawili ni watoto wa familia iliyotoka Uturuki. Katika tuzo za filamu za Ujerumani za mwaka 2011 walipata tuzo ya kwanza kwa uandishi, na watazamaji zaidi ya milioni moja walikwenda kuitazama katika majumba ya sinema ya nchi hiyo.

Mambo yanaanzia kwenye tukio la kweli. Tarehe 10 Septemba 1964, katika stesheni ya Köln-Deutz, Mreno mmoja, Armando Rodrigues de Sá, alipokewa kwa shangwe kama mfanyakazi mgeni wa milioni moja, akapewa pikipiki ndogo ya Zündapp mbele ya wapiga picha. Watunzi wanajiuliza: yule aliyemfuata katika mstari alikuwa nani? Ndiye Hüseyin Yılmaz, mtu wa kubuni, mfanyakazi wa milioni moja na mmoja, ambaye hakupewa pikipiki wala hakupigwa picha. Anafanya kazi, anamleta mkewe Fatma na watoto watatu, Veli, Muhamed na Leyla, na mtoto wa nne, Ali, anazaliwa Ujerumani.

Tunapomkuta Hüseyin katika siku zetu yeye ni babu. Amekwisha kuomba pasipoti ya Kijerumani kwa kumridhisha mkewe, lakini usiku anaota jinamizi: karani wa uraia anamtaka aahidi kula nyama ya nguruwe mara mbili kwa wiki, kutazama mchezo wa polisi uitwao Tatort kila Jumapili, na kwenda mapumzikoni Mallorca kila baada ya mwaka mmoja. Ndoto hii ni fupi, nayo ni kali. Mtu aombaye kuingia katika utamaduni fulani hudaiwa orodha ya mambo, na wale wanaoidai orodha hawajapata wenyewe kuulizwa kama wanayatimiza.

Mwenye swali kubwa la mchezo huu lakini si Hüseyin. Ni Cenk, mwana wa Ali na Gabi, mama wa Kijerumani, mwenye umri wa miaka sita. Siku yake ya kwanza shuleni mwalimu anataka kila mtoto aonyeshwe kwenye ramani ya Ulaya mahali wanakotoka watu wake. Cenk anasema Anatolia. Lakini ramani inaishia Istanbul, basi mwalimu anaibandika bendera yake ndogo ukutani, nje ya ramani. Kwenye mpira, watoto wanagawanyika Waturuki upande mmoja na Wajerumani upande mwingine, na hakuna timu inayomtaka. Nyumbani anauliza: sisi ni nini, Waturuki au Wajerumani? Baba na mama wanajibu kwa wakati mmoja, kila mmoja jibu lake. Na ikiwa yeye ni Mturuki, mbona hakufundishwa Kituruki?

Katika hali hiyo babu anatangaza kwamba amenunua nyumba kijijini kwao na kwamba familia nzima itasafiri pamoja likizoni. Njiani binamu yake Cenk, Canan, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye amechukua mimba ya rafiki yake Mwingereza wala hajathubutu kuisema, anamhadithia mtoto jinsi babu alivyokuja Ujerumani. Filamu yote inatembea juu ya miguu hiyo miwili, safari ya leo na masimulizi ya zamani.

Hila ya lugha

Sasa tumefika kwenye kiini. Katika masimulizi ya Canan, Hüseyin kijana na Fatma na watoto wao, wakiwa kijijini Uturuki na hata wanapofika Ujerumani, husikika wakisema Kijerumani safi, chepesi, chenye mzaha na mapenzi na ugomvi kama lugha ya watu wote walio nyumbani kwao. Wajerumani wanaokutana nao, yaani karani wa mpaka, jirani, mwenye duka, wanasema lugha isiyokuwapo duniani. Wanabwabwaja. Sauti zake zina umbo la Kijerumani, lakini hakuna neno lenye maana.

Sababu ya jambo hili ndani ya hadithi ni ya kawaida kabisa. Msikilizaji ni Cenk, naye hajui Kituruki; basi msimulizi anawatia wazee lugha ambayo mtoto anaifahamu. Lakini mara wazee wanapopewa Kijerumani, Wajerumani hawawezi tena kukisema, maana hapo kila mtu angeelewana na kila mtu na kusingekuwa na hadithi. Lugha ya mwenyeji imehamishiwa kwa mgeni, na mwenyeji ameachiwa kelele. Mtazamaji wa Kijerumani aliyeketi katika sinema ya Berlin anajikuta kwa mara ya kwanza maishani mwake hakielewi Kijerumani: Fatma anapoingia dukani kununua mkate na maziwa, akipunga mikono na kuiga, mtazamaji yuko upande wa Fatma, anaona upumbavu wa muuzaji ambaye haelewi jambo lililo wazi namna hiyo.

Lugha ya namna hii ina mtangulizi mashuhuri. Katika The Great Dictator, filamu ya mwaka 1940, Charlie Chaplin aliitungia hotuba ya dikteta wake Kijerumani cha uongo, akichomeka humo maneno machache ya vyakula ili sikio lishike. Lakini Chaplin aliichekesha lugha ya adui, naye akiwa nje yake. Akina Şamdereli ni wasemaji wa Kijerumani, wamekulia ndani yake, na lugha wanayoifanya kelele ni yao wenyewe. Hapo pana tofauti ambayo wahakiki wengine huipita upesi mno.

Inafaa tuulize jambo la kiisimu: lugha isiyo na maneno huwezaje kutambulikana kuwa ni lugha fulani? Jibu ni kwamba sikio hushika utaratibu wa sauti kabla ya kushika maana. Kila lugha ina miungano ya konsonanti inayoiruhusu na mingine inayoikataa, ina mkazo wake na kiimbo chake, na mtu husikia hayo hata asipojua neno moja. Kwa Kiswahili, hata hivyo, mchezo huu ungekuwa na sura nyingine. Tuseme sentensi hii: “Wale watindofu wamezizabora ngandiro zao.” Hakuna mzizi humo, ila wa kuonyesha na wa kumiliki, ulio na maana katika kamusi yoyote tuijuayo, lakini kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba watu, tena wengi, wamekwisha kuvitenda vitu fulani vyao jambo fulani, na kwamba vitu hivyo ni vya ngeli ya N katika wingi. Viambishi vya upatanisho vinasema hata mizizi ikinyamaza. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayetaka kelele tupu hana budi kuvunja upatanisho wenyewe. Na akiuvunja, sikio halitasikia tena Kiswahili cha uongo, litasikia Kiswahili cha mtu anayejifunza. Hili si jambo dogo, kama tutakavyoona.

Wagiriki wa kale walimwita asiyesema Kigiriki bárbaros, mtu ambaye maneno yake ni bar-bar. Warusi walimwita Mjerumani nemets, neno lenye asili moja na bubu. Katika visa vyote viwili hukumu ni ile ile: asemaye nisichokielewa hasemi. Almanya inaigeuza hukumu hiyo bila ya hotuba wala kidole cha lawama. Kila mtu anabwabwaja masikioni mwa mtu fulani. Ni suala la mahali ulipowekwa kiti chako.

Kicheko kinatoka wapi

Kwa kawaida futuhi ya wahamiaji huchuma kicheko chake katika ulimi wa mzee. Tuchukue East Is East, filamu ya Uingereza ya mwaka 1999, iliyoandikwa na Ayub Khan-Din na kuongozwa na Damien O'Donnell. Mahali ni Salford, mwaka 1971. George Khan, Mpakistani mwenye duka la samaki na chipsi, aliyeoa Mwingereza, anajaribu kuwaoza wanawe kwa desturi ya kwao nao hawataki. Ni kazi nzuri, yenye machungu mengi chini ya mzaha. Lakini tazama lugha inavyogawanywa: watoto wanasema Kiingereza cha kaskazini kama mtoto yeyote wa mtaani pale, na baba anasema Kiingereza kilichovunjika. Kabla hatujapima hoja ya nani ni ya haki, sikio limekwisha kuamua nani ni wa pale na nani si wa pale.

Katika My Big Fat Greek Wedding ya mwaka 2002 mzaha wa lugha ni wa namna nyingine, nao utawapendeza wanaisimu: baba Mgiriki anayeishi Chicago anadai kwamba kila neno ulimwenguni lina asili ya Kigiriki, hata kimono ya Wajapani. Sote tunawajua wenzetu wa namna hiyo katika fani yetu, na lugha yao si lazima iwe Kigiriki.

Sisi nasi nchini Kenya tumelelewa na kicheko cha ulimi. Watazamaji wa Vitimbi na Vioja Mahakamani watakumbuka jinsi Mzee Ojwang' alivyosema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Na wengi hawakujua hadi alipofariki mwaka 2015 kwamba mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Ufundi wake hatuupingi. Tunataja tu kwamba lafudhi ilitosha kuwa vazi zima la mhusika. Jambo baya zaidi ni lile la Mhindi mwenye duka katika michezo yetu ya jukwaani, ambaye hupewa Kiswahili cha kukatika kana kwamba ameshuka jana kutoka jahazini, ilhali Mhindi huyo pengine amezaliwa Mombasa, na baba yake kabla yake, na Kiswahili chake kina ngeli kamili kuliko cha mwigizaji anayemwiga. Kizazi cha pili na cha tatu kinarudishwa kwa nguvu katika kinywa cha kizazi cha kwanza. Ndiyo sababu tulisema kwamba suala la upatanisho uliovunjika si dogo: katika masikio yetu upatanisho uliovunjika ndio alama ya ugeni.

Almanya inamvua mzee vazi hilo, na inafanya hivyo kwa njia iliyo rahisi kupita bila ya kutambuliwa. Hüseyin mzee, wa leo, anaigizwa na Vedat Erincin, na Kijerumani chake kina lafudhi ya Kituruki. Hüseyin kijana, wa masimulizi, anaigizwa na Fahri Yardım, na Kijerumani chake hakina doa. Ni mtu mmoja. Mtazamaji aliyekwisha kumsikia kijana akitongoza, akitania na kuwabembeleza wanawe hawezi tena kumsikiliza mzee kama alivyomsikiliza dakika ishirini zilizopita. Anajua sasa kwamba nyuma ya lafudhi ile kuna mtu mzima mwenye ufasaha wake, ila ufasaha huo uko katika lugha ambayo yeye mtazamaji hana.

Kilichotolewa sadaka

Hata hivyo, kuna bei, nayo inatuhusu sisi zaidi kuliko inavyowahusu wachambuzi wa sinema. Ili wazee wapewe ufasaha, Kituruki chao kimeondolewa. Lugha ambayo Hüseyin alisema kweli, ile aliyomposea Fatma, haisikiki katika masimulizi yaliyokusudiwa kumrudishia mjukuu asili yake. Cenk anampata babu lakini kwa tafsiri. Watunzi hawakuficha jambo hili. Wamelifanya kuwa sababu ya hila yenyewe. Mtoto angekuwa anajua Kituruki, filamu nzima ingekuwa nyingine.

Msikilizaji wa Kiswahili ananyimwa kitu zaidi. Kituruki na Kiswahili havina udugu wowote wa nasaba, lakini vyote viwili vilikunywa katika kisima cha Kiarabu. Mturuki akisema kitap, saat, haber, dünya, kalem, defter, akıl, Mswahili anasikia kitabu, saa, habari, dunia, kalamu, daftari, akili. Majina ya familia hii, Hüseyin, Fatma, Muhamed, Ali, Leyla, yangeweza kuitwa katika chuo chochote cha Lamu wala mtu asigeuke. Mtazamaji wetu angekisikia Kituruki chenyewe, angalikuwa karibu na wazee wale kuliko Mjerumani aliyetengenezewa filamu.

Tunaongeza kwamba filamu imechagua utamu, na baadhi ya mambo imeyaacha mlangoni. Watu watatu waliuawa kwa moto uliotiwa nyumba za Waturuki mjini Mölln mwaka 1992, na watano mjini Solingen mwaka 1993; hayo hayamo. Miaka ishirini na mitano kabla, mwaka 1986, Tevfik Başer alitengeneza 40 qm Deutschland, juu ya mwanamke wa Kituruki aliyefungiwa na mumewe ndani ya chumba Hamburg, ambaye Ujerumani yake yote ni zile mita arobaini za mraba. Huko mhamiaji alikuwa hana sauti kabisa. Kutoka katika kimya hicho hadi ufasaha wa Fatma ni safari ndefu, na sisi hatuoni kosa kama njiani watu wamecheka. Lakini msomaji atakayeitumia Almanya darasani afadhali aziweke filamu hizi mbili pamoja.

Utamu huo una mpaka wake. Hüseyin hafiki nyumbani; anafariki ndani ya gari, katikati ya safari. Kwa kuwa siku chache tu zilizopita amekuwa raia wa Ujerumani, wenye mamlaka wanakataa azikwe katika makaburi ya Waislamu wa nchi aliyozaliwa, na kusema mahali pake ni makaburi ya wageni. Mtu aliyekaa ugenini tangu mwaka 1964 akiitwa mgeni amerudi kwao, na neno lile lile limemngojea. Msomaji wa Kenya, anayekumbuka jinsi kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilivyoishika nchi mwaka 1987, hahitaji kuelezwa kwamba swali la mtu ni wa wapi huulizwa kwa ukali zaidi wakati yeye mwenyewe hawezi kujibu. Familia inamchukua na kumzika kijijini. Nyumba aliyoinunua wanaikuta ni ukuta wenye mlango na nyuma yake hakuna kitu. Muhamed, aliyekuwa hana kazi Ujerumani, anaamua kubaki aijenge.

Kuitia katika Kiswahili

Kuna njia mbili za kuihamisha filamu: kuandika maneno chini ya picha, au kutia sauti mpya. Njia ya kwanza ina udhaifu ambao hauonekani mpaka mtu aijaribu. Mtazamaji wa Nairobi asiyejua Kijerumani hawezi kupambanua Kijerumani cha kweli cha Hüseyin na Kijerumani cha uongo cha muuza duka. Masikioni mwake vyote ni kelele. Hila yote imehamia machoni: palipo na maandishi, mtu anasema, pasipo na maandishi, anabwabwaja. Mzaha unaeleweka, lakini mtikisiko ule wa kupotewa na lugha yako mwenyewe haupo.

Njia ya pili ndiyo yenye thamani kwetu, nayo ina mitego. Wakisema wote Kiswahili katika sehemu za leo, basi Kiswahili kinachukua nafasi ya Kijerumani, na katika masimulizi Wajerumani itawabidi wabwabwaje kwa sauti za Kiswahili. Tumekwisha kuona kwamba kelele yenye upatanisho ina sarufi, na kelele isiyo na upatanisho inasikika kama Kiswahili cha mgeni, jambo ambalo lingeharibu makusudio yote, kwani Mjerumani wa masimulizi hatakiwi kuonekana anajifunza lugha. Anatakiwa kuwa mwenyeji mwenye lugha kamili ambayo wewe huipati. Kwa maoni yetu iliyo bora ni kelele ya aina ya kwanza: mizizi ya kubuni, viambishi kamili, kiimbo cha karani wa ofisi ya serikali. Mtazamaji atasikia kwamba kuna wingi, kuna wakati uliopita, kuna amri, kuna kukataa kwa si na ha-, na hatajua ni amri ya nini wala amekataliwa nini. Aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akiwa na fomu mkononi ataitambua hali hiyo.

Hüseyin kijana na Fatma wapewe Kiswahili sanifu kilicho hai, chenye methali na utani wa mtu na mkewe, na waigizaji wakatazwe kabisa kuchomeka lafudhi ya kigeni kwa ajili ya kicheko. Hüseyin mzee ni mgumu zaidi. Lafudhi yake katika sehemu za leo ni ya lazima, la sivyo ule ugunduzi wa kwamba mzee na kijana ni mtu mmoja hautakuwapo. Lakini ikitiwa lafudhi ambayo michezo yetu imeizoesha kuwa ya kuchekwa, watazamaji watacheka kabla hajafungua kinywa. Tungependekeza lafudhi nyepesi isiyo ya kabila lolote linalojulikana hapa, yenye ngeli sahihi, ila mkazo umekaa pengine.

Inabaki hotuba. Hüseyin alikuwa amealikwa kuzungumza mbele ya Chansela Angela Merkel katika sherehe ya kuwashukuru wafanyakazi wageni, naye alikuwa akijizoeza maneno yake. Baada ya mazishi ni Cenk anayepanda jukwaani na kuyasema mahali pa babu. Anayasema katika lugha ambayo ndani ya masimulizi ilikuwa kelele, na ambayo kwake yeye ndiyo lugha ya mama, kwa maana halisi ya neno, kwa kuwa mama yake Gabi ni Mjerumani. Mfasiri hapo hana la kubuni. Aiache sauti ya mtoto iende polepole, na ahakikishe tu kwamba jina la babu linatamkwa Kituruki.